Maua ya Kiangazi Mbele ya Balozi

Mtu wa pwani akitaja kiangazi hukusudia jua la kaskazi, jasho na kivuli cha mwembe; lakini huku Tlawi, katika nyanda za juu za Mbulu, ambako mwezi wa Julai baridi humfanya mtu mzima mwenye heshima zake ayaogope maji ya kunawa uso, kiangazi kile kifupi kinachopita baina ya vuli na masika ni faraja kubwa, na dalili yake iliyo wazi ni maua yaliyochanua uani.

Mke wangu, ambaye ni mzaliwa wa Tanga, alikuja na mche wa asumini, akautunza kwa taadhima kama ahli yake. Julai ilipowadia, asumini ikafariki pasi na kuaga. Ndipo tulipogeukia dalia, ambalo asili yake ni milima ya Meksiko na kwa hiyo halioni ajabu usiku wa baridi, na zinia, lililopewa jina la Johann Gottfried Zinn, tabibu Mjerumani aliyetoa kitabu juu ya jicho la binadamu mwaka 1755. Laiti bwana huyo angaliandika na cha pili juu ya jicho la mbuzi!

Lakini kabla ya mbuzi walikuja wanadamu. Kila Jumamosi alasiri hupigwa hodi, na mtoto mwenye adabu isiyo kifani husema, "Shikamoo mwalimu, mama anaomba vijiua vichache vya altare". Nami, ambaye sina ujasiri wa kuinyima altare, huitikia marahaba huku nikiyatazama madalia yangu yakienda zake kusali. Disemba ikifika huongezeka maharusi, na hao hawaombi vijiua, bali huja na kisu na ndoo. Hata nyuki wa jirani yetu, aliyetundika mizinga mtini nyuma ya ua wetu, hushinda bustanini mwetu kutwa nzima, kisha asali yao huuziwa sisi, tena kwa bei ile ile wanayouziwa watu wasio na hata ua moja.

Basi siku moja mbuzi wa jirani huyo huyo akapenya michongomani, akala mazinia yote, akaonja dalia, akaacha bangi mwitu iliyojiotea pembeni, kwa sababu ya harufu yake bila shaka, maana mbuzi naye ana ikhtiyari yake. Shauri likapelekwa kwa balozi wa nyumba kumi. Mimi nilidai fidia kama anavyolipwa mtu ambaye mifugo imeingia katika mahindi yake au vitunguu saumu vyake. Mwenye mbuzi, mtu mpole ambaye sikupata kumjua kuwa ni mwanasheria, akasimama akauliza, "Mwalimu, maua haya nyumbani kwako huliwa?" Nikasema hayaliwi. "Huuzwa?" Nikasema hayauzwi. "Basi, mzee balozi, mimi nalipa nini?" Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na mmoja akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba madhali maua hayo yameingia tumboni mwa kiumbe, leo ndipo yamepata kazi.

Balozi, ambaye hapendi mtu atoke barazani kwake mikono mitupu, akahukumu kwamba jirani aniletee mikokoteni miwili ya samadi. Ikaletwa kwa uaminifu, ikamwagwa, ikafukiwa. Masika yalipoanguka, kumbe samadi ile ilikuwa imesheheni mbegu za maboga, na kabla hatujaafikiana la kufanya, miboga ilikuwa imekwisha tandaa juu ya bustani nzima na kuanza kuparamia dirisha la sebule. Mke wa jirani akaja na tabasamu na kapu, akasema, "Shemeji, naomba majani ya maboga ya mboga, maana samadi ilikuwa yetu." Mke wangu akaona ni haki. Tukapatana: wao wachume majani, sisi tungoje maboga, na mkataba huo ulidumu kwa amani hadi asubuhi ile maua ya manjano ya maboga yalipofunguka yote kwa pamoja, na mbuzi, ambaye hakuna mtu aliyemshirikisha katika mapatano, akaja kuchukua fungu lake.