Namna ya Kuendesha Warsha ya Bustani ya Chupa Segese, Bila Posho wala Projekta

Kabla ya yote, andika kwenye tangazo kwa herufi kubwa: HAKUNA POSHO. Usipoandika, watu watakuja wamechomekea vizuri na kuuliza karatasi ya kusaini iko wapi. Nchi hii tumeizoea warsha kwa sura moja: bahasha ya nauli, sambusa mbili za saa nne, maji ya chupa, mgeni rasmi aliyechelewa, picha ya pamoja, kwaheri. Warsha ninayokuelekeza hapa haina hata kimoja katika hivyo, isipokuwa maji ya chupa, na hayo tunayataka kwa ajili ya chupa yenyewe. Atakayekuja ataondoka na udongo kwenye kucha na bustani ndogo iliyofungiwa ndani ya kioo, ile ambayo wenye maduka ya maua mjini huiita terariamu. Mtu akishainyanyua mara ya kwanza kuitazama kwenye mwanga, bahasha haikumbuki tena.

Nimeichagua Segese kwa makusudi. Ni kata ya Msalala, upande wa Kahama, jirani na mgodi mkubwa wa dhahabu wa Bulyanhulu uliofunguliwa mwaka 2001, na yenyewe imejaa wachimbaji wadogo na wakulima wa pamba, mpunga na mahindi. Watu wake wanaujua udongo kuliko mtoa mada yeyote. Wanajua jiwe lipi lina kitu na lipi ni tupu, wanajua shamba lipi litashika maji. Wanachokosa ni saa mbili za kuushika udongo bila kuudai chochote, na hiyo ndiyo zawadi unayowaandalia.

Siku ya mnada usifanye warsha. Huwezi kushindana na nyama choma, wala hupaswi kujaribu. Chagua siku nyingine, saa kumi alasiri, chini ya mwembe. Alika watu wa kuchanganyika: mama lishe, wanafunzi wa sekondari, vijana wa karasha (mashine ya kusagia mawe ya dhahabu), mzee mwenye mashamba, bibi anayejua dawa. Wazee waamkie kwanza kwa Kisukuma, "Mwadila," na usiwe na haraka ya kumaliza salamu. Mtendaji wa kijiji apewe taarifa mapema kama ilivyo desturi, na akifika apewe kijiko badala ya kiti cha mbele. Mgeni rasmi aliyeshika kijiko hahutubii.

Sasa chupa, na hapa sitanii hata kidogo. Chupa yoyote iliyotoka karashani, mwaloni kunakooshewa dhahabu au kwenye mitambo ya kuchenjulia usiipokee, hata kama imeoshwa mara saba na inang'aa. Zebaki ya kunasia dhahabu husafiri katika chupa ndogo za kila aina, na kuosha chupa kwa sabuni hakutoshi. Inadhuru mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi. Mkataba wa dunia wa kuidhibiti umepewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani iliingia kwenye samaki, na samaki wakawapooza walaji. Kwa hiyo waombe watu waje na chupa za mayonezi, za siagi ya karanga, za asali, au dumu angavu la maji la lita 5 lililokatwa shingo. Anayeanza apewe mdomo mpana. Chupa ya shingo nyembamba ni ya waliokwisha kuzoea, na kwa hao utahitaji spoku za baiskeli: unaipinda ncha kidogo kwa koleo, inakuwa kidole kirefu cha kuchimbia, kusukumia na kushindilia. Upande huu wa nchi spoku kuukuu haikosekani kwa fundi yeyote.

Udongo usiununue. Kila mtu aje na konzi mbili kutoka kwao, akieleza ameutoa wapi. Ukishamwagwa juu ya salfeti, mwachie mzee kazi. Atausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, ataunusa, kisha atataja: huu luseni, mchanga wa kule juu; huu itogolo, wa mteremko; huu mbuga, mweusi wa bondeni, unaopasuka kiangazi na kung'ang'ania miguu masika. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani kule Usambara, alieleza jinsi udongo unavyopangika kutoka kilimani hadi bondeni, na wazo lake bado linafundishwa vyuoni duniani kote. Wakulima wa Usukuma walikuwa na majina ya mpangilio huo tayari. Wanafunzi wakilisikia hilo kutoka kwa babu yao, mbele ya udongo wenyewe, warsha imeshalipa hata kabla ya chupa ya kwanza kujazwa.

Changanya sehemu mbili za luseni, moja ya mbuga, moja ya samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi itaota ukungu na kuvundisha chupa nzima. Udongo wa marudio, yaani mabaki ya uchenjuaji, au wa karibu na mabwawa ya sayanaidi, usiingie kabisa, hata ukionekana mzuri.

Chini kabisa weka kokoto zilizooshwa, kimo cha vidole viwili, ili maji yanayozidi yapate pa kukaa. Juu yake mkaa, kimo cha kidole kimoja. Tabaka hili la mkaa ndilo nilipendalo kuliko yote, kwa sababu hapa Segese halihitaji mwalimu. Kwenye mitambo ya uchenjuaji, kaboni iliyotengenezwa kwa vifuu vya nazi hutumbukizwa kwenye maji yenye sayanaidi, ikanasa dhahabu iliyoyeyuka humo, kisha ikapelekwa elusheni kukamuliwa. Kijana wa karasha anayajua hayo yote. Mpe nafasi aeleze, halafu mwambie kwamba ndani ya chupa mkaa wa kawaida unafanya kazi ya namna hiyohiyo, ila unanasa harufu na uchafu wa maji. Utaona anavyouponda baada ya hapo. Haupondi ovyo: anachekecha, anarudisha vipande vikubwa, anaponda tena mpaka vyote vilingane na punje za mahindi, kisha anaosha vumbi. Mkaa uwe wa jikoni. Kaboni ya mtambo ina sumu, na tena mwenyewe ataifuata.

Juu ya mkaa tandaza kipande cha chandarua kilichokwisha kuchakaa, udongo usije ukachuruzika chini. Chandarua kinacholaliwa kiachwe kitandani.

Mimea ndiyo inayowatia watu wasiwasi, wakidhani lazima itoke mjini. Tembea nao dakika kumi. Chini ya bomba linalovuja, upande wa kivuli wa simtanki, kuna kile kijani laini kinachotambaa juu ya tofali: kibandue pamoja na udongo wake. Kando ya kisima mtapata kangaga. Shambani kuna kongwa, lile gugu lenye ua dogo la buluu linalowachosha wakulima. Usilidharau. Mwaka 1960 Mwingereza mmoja, David Latimer, alipanda ndani ya chupa kubwa mmea wa ukoo mmoja na kongwa, akaumwagilia mara ya mwisho mwaka 1972, akaiziba chupa. Miaka 40 baadaye bado ilikuwa imejaa majani. Maji yanayotoka kwenye majani yanageuka matone kwenye kioo, yanashuka udongoni, mizizi inayanywa tena. Majani yaliyokufa yanaoza na kutoa hewa ambayo majani mabichi yanaihitaji. Anayependa mshubiri au mkonge pori naye apande, ila chupa yake ibaki wazi, maana mimea ya ukame hufa kwa unyevu.

Wakati wa kupanda, kazi yako ni moja: mikono yako iweke mgongoni. Ukiona mche wa mtu umeinama, nyamaza. Ukiona mama ameweka jiwe katikati na mche pembeni, nyamaza. Akikuomba msaada, mshikie chupa. Furaha yote ya shughuli hii iko pale mtu mzima, ambaye vidole vyake vimezoea jembe, sururu au sufuria, anaposhusha mzizi mmoja taratibu kwa ncha ya spoku, ulimi ukiwa umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Ukimnyang'anya hapo kwa kisingizio cha kumwelekeza, umemwibia.

Kama unaona lazima uongee, simulia kisa. Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alifukia pupa wa nondo kwenye udongo ndani ya chupa na kuifunika, akitaka kumwona akigeuka. Kilichomshangaza ni kangaga na unyasi vilivyoota humo, wakati bustani yake ya nje ilikuwa inakufa kwa moshi wa viwanda. Mwaka 1833 alisafirisha masanduku ya kioo yenye mimea mpaka Sydney, miezi baharini, na mimea ikafika hai. Baada ya hapo masanduku ya namna hiyo yakabeba miche ya chai na mpira kuvuka bahari, na mashamba ya makoloni yakabadilika.

Kisa kikubwa zaidi, hata hivyo, kiko hapahapa, nami nisingependa mtu aondoke bila kukisikia. Mkoa huu wa Shinyanga uliwahi kuitwa jangwa la Tanzania. Miti ilifyekwa miaka na miaka, kwanza kumfukuza mbung'o, kisha kupata mashamba ya pamba, na kuhamia vijiji vya ujamaa kukawatenga watu na maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao baada ya muda uliwarudia wazee na ngitili zao. Kipande cha ardhi kinafungwa mvua zinapoanza, ng'ombe hawakanyagi, nyasi zinapanda, na kiangazi kikikolea kinafunguliwa kwa mifugo. Mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta inayosimamiwa na UNDP, na ulipofungwa mwaka 2004 ngitili zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Miti mingi haikupandwa. Ilichipua yenyewe kwenye visiki na mizizi iliyokuwa ikingoja. Kila chupa iliyo mezani ni ngitili. Mwambie hivyo mzee aliyewahi kufunga ya kwake, kisha msikilize, maana yeye ndiye atakayeendesha nusu saa ya mwisho.

Maji yawe kidogo: chupa ya lita moja, vijiko vinne vya chakula vinatosha. Iwekwe penye mwanga, mbali na jua la moja kwa moja, ambalo huku litapika mimea kwa mchana mmoja. Ukungu ukionekana kwenye kioo asubuhi na kutoweka mchana, iache. Ukishinda siku nzima, fungua kifuniko mpaka jioni. Usipoonekana kabisa siku tatu, ongeza kijiko.

Kuna atakayeuliza inauzwa shilingi ngapi. Hapa tunapima kila kitu kwa pointi na gramu za dhahabu, na swali ni halali. Mjibu kwamba ya kwanza haiuzwi. Ya pili na kuendelea, Kahama kuna maofisi na saluni zenye madirisha matupu, aende akajaribu bei mwenyewe.

Halafu watu waondoke. Viroba vya mawe vikipanda kutoka duarani, yaani shimoni mwa wachimbaji, huwa kuna mgao, mwenye eneo na fungu lake, mwenye duara na lake, wafanyakazi na lao. Hapa kila mtu anabeba chupa yake nzima, na mwandaaji hadai hata jani. Anayepanda bodaboda akae nyuma, chupa aipakate kwa mikono miwili, na dereva aambiwe kabla hajawasha pikipiki kwamba kwenye matuta apunguze mwendo.