Bingwa wa Kuvuta Pumzi

Mwaka 1994, Dakta Andrew Weil, msomi wa Harvard mwenye ndevu za kishehe, alianzisha programu ya tiba shirikishi, yaani tiba ya hospitali ikichanganywa na tiba mbadala, katika Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani. Leo daktari aliyekwisha kumaliza shahada na ubingwa anaweza kurudi darasani huko, sehemu kubwa kwa mtandao, kwa miaka 2 na saa zipatazo 1,000, afundishwe lishe, mimea, usingizi, na namna ya kumsikiliza mgonjwa.

Naam, kumsikiliza. Huko nyuma daktari alikuwa na shughuli nyingine.

Somo la mimea silibezi. Mgonjwa anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda huku akibugia vidonge vya kitunguu saumu anahitaji daktari anayejua kuuliza. Halafu kuna binzari manjano: utafiti umeonyesha kwamba kiini chake hakifyonzwi vizuri mwilini, ila kikitiwa pilipili manga hali hubadilika. Wapishi wa Pwani wanasubiri vyeti vyao.

Weil mwenyewe ni maarufu kwa zoezi la pumzi: vuta puani ukihesabu 4, zuia kwa 7, toa mdomoni kwa 8. Bei yake, bure kabisa.

Ila kliniki nyingi za tiba shirikishi hazipokei bima, kwa kuwa bima za Marekani hulipia kipimo upesi kuliko maongezi. Miadi ya kwanza huweza kufika saa nzima, na ankara hufuata. Mgonjwa anavuta, anazuia, kisha anatoa. Pochi.