Ya Sol Haiko?

Wapenzi wa kinanda cha mdomo hapa Bukavu ni wachache, lakini wakikutana watatu utadhani Ujerumani nzima imehamia mtaa wa Nguba. Wa kwanza anaapa kwa Hohner, iliyoanzishwa Trossingen mwaka 1857. Wa pili anamkumbusha kwamba Seydel ni kaka mkubwa, wa 1847. Wa tatu, aliyewahi kuona picha ya Suzuki, anawatetea Wajapani kama wajomba zake. Marine Band, iliyotoka 1896, wanaizungumzia kana kwamba inauzwa sokoni Kadutu kwa kopo, kando ya samaki wa sambaza.

Kadutu kipo kimoja. Jina lake lina kosa la tahajia, matundu yake ni 10, na kinapiga katika do tu.

"Yaya, ya sol haiko?"

"Itakuja na mzigo, kadogo."

Mzigo unavuka bahari, bandari, mipaka na ushuru. Kila kituo unaacha kitu, ila bei ndiyo inayofika imenenepa. Basi mwimbaji habadilishi kinanda, anabadilisha koo.

Wazee wa Bushi hawakungoja mzigo: walichonga mti, wakaufunga nyuzi, wakauita lulanga, na usiku ukapita. Hakuna aliyeuliza chapa. Waliuliza: huyu anajua kupiga?

Nililitupa swali hilo barazani juzi. Wa kwanza akakumbuka msiba, wa pili kikao, na wa tatu akasema bado anangoja ya sol.