Baba Kulwa na Baiskeli Isiyo na Keria

GHENT, UBELGIJI – Habari kwamba Baba Kulwa amenunua baiskeli ya yuro 420 zilifika Shinyanga kabla hajamaliza kuipangusa, na hazikupokelewa vizuri. Kwanza, fedha hizo kwa shilingi ni zaidi ya milioni moja. Pili, picha aliyoirusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ilionyesha kitu kisicho na keria, kisicho na stendi, kisicho na madigadi wala kengele, siti yake nyembamba kama ulimi wa mbuzi, usukani wake umekunjwa kuangalia chini. Tatu, ni mtumba. Shemeji mmoja anayefanya biashara ya mkaa aliuliza swali moja tu: hivyo vingine vimeibiwa njiani?

Ndugu wa nyumbani wasimhukumu haraka. Usukumani baiskeli ni mtaji. Ni daladala yenye mto wa sponji nyuma, ni lori la mkaa, ni tangi la maji, na mwezi wa mavuno inabeba mpunga mpaka mwendeshaji haonekani. Phoenix ya Shanghai ina kilo zaidi ya 20 kabla haijapakiwa chochote, na fundi yeyote chini ya mwembe anaifumua kwa spana mbili na nyundo. Baba Kulwa kakulia kwenye baiskeli hizo. Alijifunza akiwa mfupi kiasi cha kupitisha mguu chini ya bomba la juu, kiuno kimepinda, kichwa kinachungulia ubavuni. Alipotua Ghent, kufua mashuka ya hospitali, hakudhani kuna Mzungu wa kumfundisha baiskeli.

Walimfundisha.

Mtu asiyefika Flanders, upande huu wa Ubelgiji, hawezi kujua jinsi watu wa huku wanavyoichukulia baiskeli. Mashindano yao makubwa, Ronde van Vlaanderen, yalianza mwaka 1913, na siku ya mbio hizo hata waliolala kwenye sherehe ya harusi huamka kwenda kusimama barabarani. Brussels kuna kituo cha metro chenye jina la Eddy Merckx, bingwa aliyetwaa Tour de France mara tano, na humo ndani imewekwa baiskeli aliyoitumia mwaka 1972 kule Mexico City kuvunja rekodi ya saa moja kwa kilomita 49.431. Watu wanapita pembeni yake na mifuko ya viazi wakiwahi treni.

Halafu kuna fedha. Tangu Mei 2023, makubaliano ya kitaifa kati ya waajiri na vyama vya wafanyakazi yameweka posho kwa mtu wa sekta binafsi anayekwenda kazini kwa baiskeli: ilianza kwa senti 27 za yuro kwa kilomita, kwa masharti yake. Baba Kulwa alipoelezwa jambo hili na wenzake kwenye chumba cha pasi, aliomba warudie taratibu. Nyumbani mwenye baiskeli hulipwa akibeba abiria. Hapa analipwa kwa kujibeba mwenyewe. Jioni ileile alianza kupekua matangazo ya mitumba mtandaoni, na kwa kuwa alikuwa anaona kila Jumamosi wazee wa miaka 60 wakimpita kwa kasi ya pikipiki, akaamua kwamba baiskeli yake itakuwa ya namna hiyohiyo, ya mbio.

Wauza mitumba wa huku wana lugha yao. Hakuna baiskeli iliyochoka. Zote "zimetumika mara chache" na "zimelala stoo". Sababu za kuuza ni mbili: goti limeharibika au mtoto amezaliwa. Wajuzi wanasema goti ni bora kuliko mtoto, kwa sababu mwenye goti aliitumia na kuitunza, wakati mwenye mtoto ameiacha bustanini tangu mkewe apate mimba. Pia wanasema ununue Novemba, mvua zikiwa zimewakatisha watu tamaa, usingoje Machi ambapo kila mtu ameshaona Ronde ndotoni. Baba Kulwa alianza kutafuta Machi.

Msaada ulitoka kwa rafiki yake, mtu wa Bukavu aliyekaa Ghent miaka mingi na anayetengeneza baiskeli za jirani zake kwenye korido ya ghorofa. Huyu ndiye aliyemzuia kununua ya kwanza, nyekundu, ya kaboni, bei ya kutupwa. "Mukubwa, rangi hapana," alimwambia. "Kinga ya kaboni ikipasuka ndani, haitakuambia kitu. Itakuambia siku uko mu mutelemko." Kinga kwao ni baiskeli. Kuna wanaogongagonga fremu kwa sarafu wakisikiliza mlio: ukibadilika ghafla na kuwa butu, kuna jambo. Lakini sikio la mtu mgeni halijui mlio mzuri ukoje, kwa hiyo ushauri wa Bukavu ulikuwa wa busara: anayeanza achukue alumini, ambayo ikipinda au kupasuka mara nyingi macho yanaona.

Alimfundisha na saizi. Phoenix ni moja kwa wote. Mrefu hukunja magoti, mfupi hunyoosha vidole. Baiskeli ya mbio inauzwa kwa sentimita za fremu, na mtu wa kimo cha Baba Kulwa anatafuta 54 au karibu na hapo. Akichukua 58 kwa sababu ni rahisi, atakuwa amelala kifudifudi hadi kazini.

Iliyopatikana ilikuwa Oudenaarde, karibu nusu saa kwa treni kutoka Ghent: alumini, 54, uma wa mbele wa kaboni, gia za Shimano 105 zenye sproketi 11 nyuma. Bei yuro 450. Sababu ya kuuza: goti.

Mwenyewe alikuwa mzee mstaafu, gereji yake safi kuliko jiko, baiskeli zimening'inia ukutani kwa mpangilio wa urefu. Alipomwona Baba Kulwa mlangoni alifungua mikono na kupaza sauti: "Biniam!"

Alikuwa anamaanisha Biniam Girmay, kijana wa Asmara aliyeshinda mbio za Gent–Wevelgem mwaka 2022 akiwa na timu ya Kibelgiji, kisha mwaka 2024 akachukua hatua tatu za Tour de France na jezi ya kijani. Kutoka Shinyanga hadi Asmara ni mbali kuliko kutoka Ghent hadi Roma, lakini furaha ya mzee ilikuwa kubwa kiasi kwamba Baba Kulwa aliona si vibaya kuwa Mweritrea kwa asubuhi moja. Ilipobainika kwamba anatoka Tanzania mzee hakuvunjika moyo. Aliuliza kama ni karibu na Kigali, ambako Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, na Mbelgiji Remco Evenepoel akashinda mbio za kukimbizana na saa. Baba Kulwa akajibu kwamba Kigali unakwenda kwa basi, unapita Kahama unatokea Rusumo. Mzee alimtazama miguu.

Ukaguzi uliongozwa na Bukavu. Alishika breki ya mbele akaisukuma baiskeli mbele na nyuma kusikiliza kama shingo ya usukani inacheza. Alipitisha kidole kwenye rimu, pale breki inaposugua, kwa sababu breki za kubana rimu huzila taratibu, na rimu iliyobonyea ndani kama bonde ni gurudumu jipya la kununua. Alilegeza bomba la siti akalizungusha: bomba la alumini lililokaa miaka bila grisi ndani ya fremu ya alumini, kwenye nchi inayomwaga chumvi barabarani kila baridi, linaweza kung'ang'ania lisitoke tena. Lilizunguka. Akaiangalia kwenye daftari la taifa la baiskeli, mybike.belgium, ili wasije wakanunua kesi. Mzee hakukasirika hata kidogo. Alileta kahawa.

Ndipo Baba Kulwa, aliyekuwa amekaa kimya muda mrefu, akaona zamu yake imefika, akataja bei: yuro 250.

Kila aliyewahi kununua kitu sokoni anajua kwamba hiyo ni hodi tu. Muuzaji hushtuka, hutaja watoto wake, huapa kwamba hata yeye hakuipata kwa bei hiyo, mnakutana katikati. Mzee wa Oudenaarde hakushtuka. Alielewa kwamba mgeni hana fedha, akasikitika kwa dhati, akaanza kuirudisha baiskeli kwenye ndoano yake. Baba Kulwa akatoa silaha ya mwisho: aliaga na kuanza kuondoka. Alitembea polepole, masikio yote nyuma, akapita maua, akapita pipa la taka, akafika getini akitafuta komeo lisilokuwepo. Sauti ya mzee ikamfikia kweli, ikimwambia treni ya Ghent inaondoka baada ya dakika 20, awahi.

Bukavu ndiye aliyeokoa jahazi. Hakubembeleza. Aliomba kuiona cheni tena, akatoa mfukoni kipimo kidogo cha chuma kinachoonyesha jinsi cheni ilivyorefuka. Kwenye gia 11 inashauriwa ibadilishwe ikirefuka kwa asilimia 0.5, la sivyo inatafuna meno ya sproketi na gharama inazaa gharama. Kipimo kilizama chote. Mzee alivaa miwani, akainama, akakubali: cheni mpya ni kama yuro 30. Zikakatwa palepale, bila kiapo wala kutaja mtoto wa mtu.

Baada ya kulipa iligundulika kwamba baiskeli haina pedeli. Huku ni kawaida. Wengi huuza bila hizo, kwa sababu mwenye baiskeli ana pedeli zake zinazofunga kiatu, naye huhama nazo. Mzee alichakura kwenye kopo akapata mbili za zamani za mjukuu wake. Akampa Baba Kulwa spana, akajiandaa kumweleza kwamba ya kushoto hukazwa kinyume. Baba Kulwa alikuwa ameshaikaza. Kwa Phoenix ni vilevile, na huo ulikuwa ushindi wake pekee wa siku hiyo, acheni ausimulie.

Wakati wakikaza, mzee alieleza habari ya Koppenberg, kilima cha mawe kilichoko jirani, kifupi lakini chenye mwinuko unaofika asilimia 22. Mwaka 1987 Mdenmark Jesper Skibby, akiongoza Ronde, alianguka pale, na gari la mkurugenzi wa mbio likapita juu ya baiskeli yake. Kilima kikaondolewa kwenye njia ya mbio hadi 2002. Kwa mnunuzi wa mitumba hii ni hadithi ya kufikirisha: kuna baiskeli zinazoweza kutangazwa "imeanguka kidogo" bila kutaja gari.

Baba Kulwa alirudi Ghent na baiskeli yake kwa njia ya kando ya mto Schelde, tambarare, ya lami, bila magari. Palikuwa na upepo. Gia hakuziona zilipo mpaka baada ya nusu ya njia, alipokosea akasukuma mkono wa breki kwa pembeni na baiskeli ikalia "ta!" ikawa nyepesi ghafla. Bibi mmoja mwenye kikapu cha mboga alimpita akiwa ameketi wima, hana jasho, baiskeli yake ya umeme inamsaidia hadi kilomita 25 kwa saa. Alimsalimia. Baba Kulwa hakuwa na pumzi ya kujibu, na kwa Msukuma kushindwa kumwitikia mtu mzima ni jambo la kuomba radhi.

Aibu yenyewe ilimngoja mjini. Ghent ina tramu, tramu zina reli, na tairi la baiskeli ya mbio lina upana wa milimita 25 hivi. Wenyeji huvuka reli kwa kuikata msalaba. Yeye aliifuata pembeni kama mtu anayefuata ukingo wa barabara ya Tinde, gurudumu la mbele likaingia kwenye mfereji wa chuma, na kilichobaki kilishuhudiwa na abiria wote wa kituo. Fremu ilisalimika. Kiwiko hakikusalimika sana. Vijana wawili walimwinua, na wote wawili waliiangalia baiskeli kwanza.

Tangu hapo matumizi hayajaisha. Kengele, ambayo sheria inaidai. Taa za mbele na nyuma. Kufuli zito, maana kwenye mji wa wanafunzi baiskeli nzuri haikai nje peke yake. Helmeti, ambayo kwa baiskeli ya kawaida sheria haiilazimishi ila kiwiko chake kiliilazimisha. Pampu, kwa kuwa ile ya jirani haikuingia kwenye valvu nyembamba ya Kifaransa. Na kaptula yenye sponji ndani, inayovaliwa bila chupi. Habari hii ya mwisho isifike kwa mama mkwe.

Sasa mzee wa Oudenaarde amemwandikia. Jumapili saa mbili asubuhi wazee wenzake wanatoka kidogo, kilomita 90, wanapitia vilima vya Oude Kwaremont na Paterberg, mwendo wa polepole, Biniam anakaribishwa sana. Baba Kulwa amekubali. Mtu wa Bukavu, ambaye anawafahamu wazee wa huku na polepole yao, amekata tiketi zake za treni mapema: moja ya kwenda, mbili za kurudi, na ya baiskeli.