Msumeno Uliohama Vyumba

Bwana wangu alistaafu ualimu akiwa na nguvu zake zote. Umri mzima alifundisha kazi za mikono skuli, akakata mbao za kuwaonyesha wanafunzi, lakini za kwake mwenyewe hakuzipatia wakati. Kwa hiyo kaka yake mkubwa, aliyehamia Marekani ujanani, alipompigia simu na kumwuliza atumiwe nini, hakutaja viatu wala saa. Alitaja mashine ya msumeno wa kukatia nakshi: ile yenye mkono mrefu juu, meza ndogo ya chuma chini, na katikati bledi nyembamba inayopanda na kushuka.

Haja tulikuwa nayo. Nyumba tunayokaa ni ya urithi, ghorofa moja, imo ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, na ina roshani inayotokeza juu ya uchochoro. Ukingo wa kipaa cha roshani ile ulizungushiwa mbao fupi zilizotobolewa maua na majani, zimepangwa bega kwa bega, kila moja imeishia chini kwa ncha. Wageni hudhani ni pambo tu. Mvua ya masika ikinyesha ndiyo utaona kazi yake: maji huteremka mpaka kwenye ncha, yakakusanyika hapo, yakadondoka uchochoroni badala ya kuingia katika mbao za sakafu ya roshani. Kwetu karibu nusu zilishaanguka, na zile zilizobaki zimelika ncha. Maji yakawa yanapenya, na boriti mbili za roshani zikaanza kuoza.

Anayetaka kuona nakshi ya namna hii katika ukubwa wake wote aende Barabara ya Mizingani, asimame mbele ya ile Zahanati ya Zamani inayotazama bandari. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa amri ya tajiri Tharia Topan, na jengo likakamilika mwaka 1894, yeye keshafariki. Roshani zake zote ni mbao zilizokatwa kwa msumeno mwembamba. Kila tukipita pale bwana wangu husimama. Zamani nikimvuta mkono twende zetu. Siku hizi nasimama naye.

Basi mzigo ukafika. Ulifika mchana, bwana wangu yuko msikitini kwa sala ya alasiri, na kijana wetu mkubwa yuko nyumbani. Waya wa mashine uliishia kwa vichwa viwili bapa, na tundu za ukutani kwetu ni za miguu mitatu ya mraba. Kijana hakuona tatizo: alitoka mbio mpaka Darajani, akarudi na adapta, akachomeka, akawasha. Alitaka baba yake akirudi aikute inazunguka.

Ikalia mlio mmoja mkali, ikapiga mshindo, kisha kimya. Moshi ulitoka kwenye matundu ya ubavuni, na harufu ya plastiki iliyoungua ikapanda ngazi mpaka kwa mkwe wangu, aliyekuwa juu akivuta uradi. Akatokeza kichwa na tasbihi mkononi.

"Nani anaungua humo?"

"Hapana mtu, bibi," kijana akajibu. "Ni mashine ya baba."

Bwana wangu aliporudi hakupaza sauti. Alivaa miwani, akaipindua mashine, akamwonyesha kijana kibandiko kilichokuwa nyuma.

"Soma."

"Volti mia na ishirini."

"Na huo ukutani?"

Kijana alinyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mia mbili na thelathini, baba."

"Adapta inabadilisha nini?"

"Miguu tu."

Somo likaishia hapo, na sidhani kama kijana yule atalisahau. Fundi umeme aliyekuja kuifungua alitueleza habari yenyewe. Umeme wa volti karibu mara mbili hausukumi chombo mara mbili tu. Nguvu inayoingia hufika karibu mara nne. Kibao cha elektroniki kinachoongoza mwendo wa mashine kilipasuka papo hapo, na waya wa mota ukaungua nyuma yake. Tungekuwa na transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo wa kuibeba mota ile, mashine ingekuwa hai hadi leo.

Wifi yangu wa Maskati alizipata habari, akaingilia kati. Omani tundu za ukutani ni za miguu mitatu kama zetu, na umeme wao haupishani na wetu kwa jambo la maana. Mashine aliyotutumia ilichomekwa bila kitu katikati, ikanguruma taratibu, na nyumba nzima ikapiga makofi.

Sasa ikaja habari ya mahali. Bwana wangu aliitaka juu, kwenye chumba cha mbele, kwa ajili ya mwanga wa roshani, na hapo nilikuwa upande wake, kwa sababu kazi ile ni ya macho. Mstari wa kufuata ni mwembamba, na bledi ikipotea kidogo tu, jani la nakshi linakatika shingo. Lakini vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba, kwa kuwa upana wao uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, nazo aghalabu hazizidi mita tatu. Meza ilibidi isogezwe ikagusa ukuta. Na ukuta ule ndio wenye vidaka, na kidaka kimojawapo ndimo vilimokaa vikombe vya kahawa vya mkwe wangu, vile vya kauri visivyo na mkono, alivyorithi kwa mama yake.

Mashine hii hupiga mapigo kati ya 400 na 1,600 kwa dakika, ukipenda ya polepole, ukipenda ya haraka. Mwendo wa chini hutulia. Wa juu hutulia vilevile. Kuna mwendo wa katikati, ambao kila meza ina wake, ambapo mtikisiko wa mashine unakutana na mtikisiko wa meza, na vyote viwili vinaanza kutetemeka kwa pamoja. Hapo meza inaupa ukuta, ukuta unakipa kidaka. Vikombe vilitembea. Mkwe wangu aliingia kuchukua kimoja akakuta vimeshajipanga ukingoni, na kabla hajanyoosha mkono viwili vikawa chini.

Aliokota vipande, akavifunga kwenye leso, akakaa kitandani. Baadaye akamwita mwanawe.

"Mwanangu, sikukatazi kazi yako. Lakini hiyo mashine inanitembezea vyombo."

Bwana wangu alimpigia magoti, akamwomba radhi. Jioni ile ile mashine ilishushwa ngazi.

Shangazi na mashoga waliokuja kumpa pole mkwe walinishauri nimwambie bwana wangu aachane na mchezo huu. Sikukubali na sikubali mpaka leo. Nimeona wastaafu wengi wanaokaa barazani tangu asubuhi mpaka magharibi, mikono imelala mapajani, na mwaka haupiti kabla mwili haujaanza kulalamika. Mtu aliyepata kazi ya kumwamsha alfajiri apewe pahala. La kugombaniwa nyumbani ni pahala gani, si kama apewe au asipewe.

Chini tulikuwa na stoo isiyo na dirisha. Tukaona inafaa: sakafu ya saruji, ukuta hauna kitu. Mbao alizoanza nazo zilikuwa za mvule, masalio ya mlango wa zamani, ngumu, zisizoogopa mchwa wala mvua. Akawa anafunga mlango ili vumbi lisitoke, nalo kweli halikutoka. Likamrudia yeye. Kope zikavimba, mikono ikawasha mpaka kwenye viwiko. Na kitinda mimba wetu, ambaye hupenda kukaa miguuni pa baba yake kuokota vipande vilivyokatwa, akaanza kukohoa usiku.

Daktari alimpima mtoto kifua, kisha akauliza tunakata mti gani. Tulipotaja mvule akatikisa kichwa. Vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha ngozi na kusumbua njia ya pumzi, na msumeno wa nakshi hutoa unga laini sana unaoelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Watu husafisha machicha ya mbao yanayoonekana sakafuni wakadhani wamemaliza. Hatari ni ule unga usioonekana.

Mashine ikahama tena, ikaenda uani, chini ya bati la jiko la zamani, mahali penye upepo. Ilifungwa kwa boliti juu ya meza nzito aliyoiunda mwenyewe, na chini ya miguu yake pakawekwa vipande vya mpira wa tairi kuukuu la gari. Nyuma ya bwana wangu pana feni inayopeleka vumbi ukutani. Usoni ana barakoa. Mtoto haruhusiwi kuvuka mstari wa chokaa. Mbao sasa ni za msaji, ambao nao hauogopi mvua, na barakoa haivuliwi, maana vumbi la msaji pia lina madhara yake.

Hapo ndipo nilipoanza kukaa kumtazama. Mchoro hubandikwa juu ya ubao, kisha utepe wa gundi unaong'aa unapitishwa juu yake ili bledi isichome mti. Kila ua na kila jani litakalotolewa hutobolewa kwanza kwa keke. Bledi inafunguliwa juu, inapenyezwa kwenye tundu, inafungwa tena, inakazwa. Kabla ya kuwasha huidonoa kwa ukucha: ikilia juu na safi kama uzi wa udi, imekaza sawa, ikilia nzito, itayumba. Meno lazima yaelekee chini, ama sivyo ubao unarushwa juu. Kisha anaanza kuusogeza, na mashine haigeuki, ubao ndio unaogeuka, polepole, vidole viwili upande huu na viwili upande ule. Tundu moja likiisha anazima, anafungua, anahamia jingine. Ubao mmoja una matundu mengi. Nilimwuliza kama hachoki kufungua na kufunga. Akanijibu kwamba hapo ndipo anapopumzika.

Tulikwama kwenye ncha. Mbao zote zilizobaki zimelika chini, na hakuna aliyekumbuka zilivyoishia. Mkwe alisema zilikuwa na kitone. Ami yake bwana wangu akaapa ni mkuki. Aliyetutoa ni jirani yetu. Alikuja kuulizia kelele, akaona mchoro mezani, akasema, "Mbona huu uko kwenye banda langu la kuku?" Tukaenda. Ubao wetu mmoja, ulioanguka uchochoroni zamani, ulikuwa umeziba mlango wa banda, mzima mpaka ncha: kitone, na juu yake matundu mawili madogo yaliyotazamana. Bwana wangu alimtengenezea jirani mlango mpya wa banda, akachukua ubao wake.

Kibali kiliombwa kwa mamlaka ya Mji Mkongwe, kwa kuwa mji wote umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mtu habadilishi sura ya nyumba kwa kupenda kwake. Boriti mbovu zilibadilishwa kwanza. Kisha mbao mpya zikapigwa, kijana wetu juu ya ngazi, baba yake chini akielekeza. Mkwe alitoka nje kutazama, akasema kitone ni chenyewe, na ami ajue.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye nyumba za zamani wa Unguja, Lamu, Mombasa na Tanga. Fundi akija kubomoa paa au roshani, kabla mbao hazijawa kuni, wekeni moja iliyo nzima mpaka ncha yake, muandike nyuma kwa penseli imetoka nyumba gani na upande gani. Pasipo ubao ule wa banda la kuku, sisi tungekata mkuki.