Barua kwa Mjomba, Handeni

An Spidéal, Galway
Jumapili jioni

Mjomba wangu mpenzi, shikamoo.

Baada ya salamu na taadhima zinazostahili umri wako, nakuarifu kwamba mimi mpwa wako ni mzima wa afya, ila nimelowa. Huko Handeni, ambako madumu hupangwa foleni tangu alfajiri na mtu huoga kwa hesabu, hutasadiki nikikwambia kuwa mvua ya Ireland haina masika wala vuli. Hunyesha asubuhi, ikapumzika kidogo kama fundi aliyekwenda kunywa chai, kisha ikarejea kazini, na wenyeji wakaitazama na kusema kuwa siku ya leo si haba.

Kilichonileta pwani hii ya magharibi ni ukarimu wa wenzangu wa kazini, walionilipia siku tatu za kujifunza historia, lugha na mila za Waairishi katika Gaeltacht, yaani sehemu za nchi ambako Kiairishi kingali kikisemwa jikoni na dukani. Kufika tu kulikuwa mtihani, kwa sababu karatasi yangu iliandikwa Spiddal, ilhali vibao vya barabara za huku havijui jina jingine ila la Kiairishi, nami ningalipitilizwa kama dereva asingalinihurumia. Nikaja kuambiwa kwamba asili ya jina hilo ni hospitali. Na kwa jinsi nilivyokuwa nikitetemeka kwa baridi, niliona limenifaa.

Mwalimu wetu, mama mwenye mvi na sauti ya upole, alitutahadharisha kwamba lugha yake ina tabia ya ajabu: neno hugeuka mwanzoni. Mashua ni bád. Mashua yangu ni mo bhád, ambayo hutamkwa kana kwamba imeanza na w. Mashua yetu ni ár mbád. Wanafunzi wenzangu, wengi wao Wamarekani na Wajerumani, walishika vichwa. Mimi nikakaa kitako kwa raha kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini, kwani aliyelelewa na mtu na watu, jicho na macho, hawezi kutishwa na neno linalobadili kofia. Na nilipoiona ile mb nikainua mkono kabla sijaulizwa, nikaitamka kwa ukamilifu wake kama ya mbaazi. Mwalimu akatabasamu, akasema kwamba b hiyo huandikwa tu, haitamkwi. Mjomba, watu wamejaliwa mb na Mola, wakaikalia kimya!

Milango ya msala iliandikwa Fir na Mná. Mimi, kwa elimu yangu ya milango ya Korogwe, Me na Ke, nilifuata M. Mná ni wanawake. Sitasema zaidi, nawe usimhadithie mkazamjomba.

Kuhusu chakula, viazi, ambavyo sisi huviita viazi ulaya na hapa ndipo Ulaya yenyewe, viliwekwa namna tatu katika sahani moja, vya kuchemsha, vya kuoka na vya kupondwa pamoja na kabichi, nami nikaanza kuandaa mzaha juu ya bada, ugali wetu wa muhogo. Mzaha ukanikwama kooni usiku uo huo, tulipohadithiwa Njaa Kuu: maradhi yalivamia viazi mwaka 1845, navyo ndivyo vilivyokuwa riziki ya maskini, na katika miaka michache watu takriban milioni moja wakafa, wengine kiasi hicho wakapanda meli, huku nafaka na mifugo ikiendelea kupakiwa bandarini kwenda Uingereza. Waliosalia wakaona Kiingereza ndiyo nauli ya dunia. Leo Katiba ya 1937 imekipa Kiairishi cheo cha lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza, lakini sensa ya 2022 ilikuta watu 72,000 hivi tu wanaokisema kila siku nje ya shule. Kwa hiyo ni kama shehe aliyeketishwa mbele arusini, sahani isimfikie.

Tena walitwambia habari za bata scóir, kijiti alichofungwa mtoto shingoni katika karne ya 19, ambacho kilikatwa pengo kwa kila neno la Kiairishi lililomtoka, na mapengo hayo baadaye yakalipwa kwa viboko. Hapo nilicheka peke yangu, wakanitazama vibaya, ikanilazimu kujieleza. Nikasema kwamba Handeni nilichapwa kwa kusema Kizigua badala ya Kiswahili, kisha Korogwe, katika shule ambayo ustaarabu wanikataza kuitaja, nikavishwa kibao kwa kusema Kiswahili badala ya Kiingereza, na kibao hicho hakikuvuliwa mpaka umnase mwenye kosa mwingine. Siku moja nilikivaa hata saa nane mchana. Nikaona siwezi kulala nacho, nikamkanyaga sahibu yangu kidole gumba kwa kisigino. Akalia, "Mama yangu weee!" kwa Kiswahili fasaha, nami nikamvisha kabla chozi halijamdondoka.

Mwalimu alicheka hata akavua miwani. Kisha akasema: basi hicho Kizigua, hebu tukisikie. Nikatafuta. Nikapata mazi, yaani maji, neno ambalo Mhandeni hawezi kulisahau; na baada ya mazi, pakawa pakavu.

Kwa kuona haya nikakimbilia historia. Nikawaeleza Wazigua ambao katika njaa ya miaka ya 1830 walipakiwa majahazini kwa ahadi za uongo, wakauzwa utumwani Somalia, na baadhi yao wakatoroka wakajenga vijiji kandokando ya mto Juba, wakaendelea kusema Kizigua kwa zaidi ya miaka 150, mpaka vita vya 1991 vilipowafukuza na wengine wakarudi Handeni, kwanza katika kambi ya Mkuyu, baadaye makazi ya Chogo. Kimya kikatanda. Mwalimu akauliza: "Na walipofika, mlisemezana kwa lugha gani?" Wewe wakumbuka, Mjomba. Ulizungumza nao kama watu waliotoka Mkata jana, nami mzaliwa wa hapo nikakuvuta kanzu nikuulize wamesemaje.

Darasa lilikuwa likingoja, nikatoa kauli pekee ya Kizigua niliyoihifadhi kamili, ile ambayo marehemu mama yako alizoea kuwatimulia mbuzi waliovamia mahindi yake. Niliitamka polepole, mkono kifuani. Wakapiga makofi. Waliidhani salamu, na kwa kuwa hakuna aliyeuliza, sikusahihisha. Leo kwenye chai ya asubuhi nimewakuta wakiamkiana kwayo, na Mjerumani mmoja akiinama.

Sasa yupo bibi wa Boston, aliyeiandika katika daftari lake kwa wino mwekundu, naye Julai ijayo atapanda milima ya Usambara, kisha atashuka kupitia Korogwe aje kuiona Handeni. Nimekwisha kumpa jina lako. Nakuomba basi unitumie kwa simu, kwa sauti yako na bila kunikaripia, salamu halisi ya Kizigua nipate kumfundisha mapema; la sivyo, atakapobisha hodi barazani pako kwa heshima zote, usikasirike, na ukiwaona mbuzi wako wametoka mbio, usiwafuate.

Wasalaam,
Mpwa wako