Barua ya Wazi kwa Waliokula Pilau Yangu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu,

Dar es Salaam.

Yah: OMBI LA KUPANGIWA RATIBA YA KUNYANG'ANYWA CHAKULA

Kichwa cha barua hapo juu chahusika.

Naandika nikiwa mzima, na cheti ninacho: nimepimwa kama mpishi anavyotakiwa kupimwa kila miezi sita, na kilichoonekana ni presha tu, ambayo chanzo chake kimo humu.

Mimi ni yule wa Kirikuu ya bluu yenye jiko nyuma. Vijana wako wa mgambo wananifahamu. Genge langu lilivunjwa Oktoba 2021, tulipoondolewa wote barabarani, nikajiambia: kama kibanda huvunjwa, basi jiko nilipandishe kwenye magurudumu. Sasa kosa langu ni kutokuwa na kibanda.

Alhamisi iliyopita gari la mgambo lilinikuta wali umeshaiva na vijana wa bodaboda wameshanawa mikono. Likaondoka na sufuria mbili, hotipoti ya pilau, mtungi wa gesi na benchi. Kosa: kufanya biashara eneo lisiloruhusiwa. Nikauliza linaloruhusiwa ni lipi. Nikaambiwa hilo ni swali la ofisini. Ofisini nikaambiwa nikawaulize walionikamata.

Hii ni mara ya nne tangu Ramadhani iishe, na mara zote nne wamekuja kati ya saa sita na saa saba mchana. Hawajawahi kuja saa tatu asubuhi nikichambua mchele, wala saa kumi nikisugua masizi. Sheria ya jiji letu, naona, husikia njaa pamoja na watu.

Kwa hiyo naomba ratiba. Nipangiwe siku, tuseme Jumanne na Alhamisi, nami nitauleta mzigo mwenyewe hadi yadi, moto, ili Halmashauri isiunguze dizeli kunifukuza. Jumanne iwe ndizi nyama. Alhamisi pilau, kwa kuwa ndiyo iliyoonekana kupendwa. Kiongozi wa msafara atawekewa mnofu wake pembeni. Dereva, ambaye nasikia vidonda vya tumbo vinamsumbua, atapata mchuzi usio na pilipili. Kachumbari nitaifunga peke yake isije ikalainisha wali. Tuwe na fomu ya kunyang'anywa, nakala tatu, yenye nafasi ya kuandika idadi ya finyango zilizotwaliwa na sahihi ya aliyezila. Na kwa heshima ya ofisi yako, nipo tayari kung'ang'ania mpini wa sufuria kwa dakika mbili pale getini huku nikipiga mayowe, wapita njia wasije wakadhani sheria imelala. Mayowe hayo sitayatozea.

Nakiri utaratibu wa sasa una mazuri yake. Nilipokwenda kugomboa vyombo niliikuta hotipoti imeoshwa, inang'aa, imefunikwa na kitambaa. Lakini hebu niambie, Mheshimiwa, ni wapi duniani kielelezo cha kosa huoshwa kwa sabuni ya maji?

Maharage hawakuyataka. Waliyamwaga mtaroni. Niliamka saa tisa usiku kuyachemsha, mkaa nimekopa, gesi nusu, na mtoto mgongoni ana homa. Wakayamwaga mbele yangu, wakicheka, kisha nikaandikiwa faini ya kuchafua mazingira. Mimi! Faini nimelipa, kwa namba ya malipo mliyonipa, kwa pesa ya ada ya shule. Kama ni njaa, semeni njaa, tuelewane, kuliko kuja na virungu kwa mama anayeuza sahani ya wali.

Samahani, Mheshimiwa, nimepandisha sauti. Nilikuwa kwenye maombi.

Fomu ya leseni inataka mkataba wa pango na namba ya nyumba. Nimeandika namba ya gari, imerudishwa. Naomba niruhusiwe kujipangisha Kirikuu yangu mwenyewe, nijidai kodi na nijicheleweshee.

Afisa afya ametaka choo cha wanaume na cha wanawake. Nimepima kwa futi kamba: vikiingia vyoo, chakula kinatoka. Aamue yeye.

Kile kitambulisho cha mjasiriamali mdogo cha 2018, nilicholipia 20,000 nikiamini hakuna atakayenigusa tena, kijana wako alikigeuza pande zote mbili, akanirudishia, akasema picha imetoka vizuri. Naomba kama hakina kazi nyingine nikitumie kukwangulia ukoko.

Benchi halijaonekana. Nasikia liko chini ya mwembe wa yadi na linakaliwa. Libaki tu, mradi Alhamisi nikileta mzigo nami nipate pa kukaa nikisubiri sahani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mama wa Kirikuu ya Bluu

Nakala:
Mwenyekiti wa mtaa, ambaye deni lake la chapati sita bado ninalo daftarini.
Dereva wa gari la yadi: dawa ya tumbo uliyoniomba nimeipata, njoo uichukue. Usije na wenzako.